Siku Tuliyowapima Watoto Wako

Kaka Yona,

Watoto wako tumewapima. Wote wawili, Tabitha na Amosi. Uliniomba hilo wodini ukiwa umenishika mkono, na mimi nimechukua mwaka mzima kulitimiza. Nisamehe.

Wifi Mariamu alikuwa anaogopa. Alisema kumpima mtoto anayecheza ni kuuita ugonjwa nyumbani. Sikumlaumu. Alikuona ukijichoma sindano miaka yote ya ndoa yenu, na tangu tukuzike hapa Kinampanda hakutaka hata kulisikia neno kisukari. Nilimwambia tu, "Wifi, hawa ni damu ya Yona. Bora tujue mapema." Wiki nzima ikapita. Kisha akanifuata jikoni akasema, "Twende. Lakini wewe ndiye utakayemshika Amosi."

Sasa msikie mama yetu. Siku tatu kabla ya kipimo aliwanyima watoto asali na viazi vitamu bila kutuambia. Alimweleza nesi pale hospitali, "Nataka wajukuu wangu wafaulu." Nesi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Bibi, huu si mtihani! Tunaangalia kama mwili wa mtoto umeanza kuishambulia kongosho yake, ile inayodhibiti sukari. Hata wangeshinda wanalamba mzinga, jibu ni lile lile."

Tabitha akadakia, "Basi Bibi, nirudishie viazi vyangu!"

"Nyamaza wewe, mke mwenzangu," mama akasema, "viazi nimeshakula."

Nilicheka, kaka, halafu nikageukia ukutani. Laiti ungekuwepo.

Majibu yalipotoka, Amosi hakuonekana na kitu. Tabitha alikuwa na dalili ndani ya damu, ingawa anaruka kamba kuliko wenzake wote. Daktari alisema bado haumwi, ila ugonjwa uko njiani, na hakuna ajuaye utafika lini. Alitufundisha vya kuangalia: kiu, kukojoa mara kwa mara, kukonda. Wifi alilia njia nzima. Tabitha alikuwa anasikiliza.

Wakati wa mavuno, ni yeye aliyeziona dalili hizo, si sisi watu wazima. Tulikuwa tunapura alizeti, akaja akasimama mbele yangu. "Shangazi, tangu jana nakunywa maji kama ng'ombe. Twende tukapime." Nikaacha alizeti uwanjani.

Wewe ulipougua ukiwa darasa la nne, tulikupeleka hospitali umelala kwenye kitanda cha kamba, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno, na sisi tunasema malaria imekupanda kichwani. Mwanao aliingia kwa miguu yake, akamwamkia daktari shikamoo, akasema, "Nimekuja kabla sijazidiwa." Daktari alinitazama, nami nikasema, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu." Sijawahi kulisema neno hilo kwa kifua mbele namna ile.

Tabitha anajichoma insulini mwenyewe sasa, wifi akimsimamia. Yule yule aliyeogopa ndiye anayewaambia akina mama kanisani wawapime watoto wao kama kuna mgonjwa katika ukoo. Binamu yetu wa Misigiri ameshawaleta watoto wake watatu.

Pumzika, Yona. Amosi atapimwa tena mwakani, na kila mwaka mpaka awe mtu mzima, na mimi nitakuwa pembeni yake. Watoto wako wanajua kilichomo katika miili yao, na wanakitaja bila kuinamisha macho.

Mdogo wako,
Rehema