Kitanda cha Chuma cha Marselina

Mama Irine mpendwa, shikamoo. Naitwa Onesphory, wa Magomeni hapa Kilosa, naomba unisaidie kwa sababu jambo hili siwezi kumweleza mtu wa hapa. Mke wangu Marselina alikuwa na kitanda cha chuma alichoachiwa na baba yake, aliyekuwa kibarua wa reli kule Munisagara, na alipenda kulala juu yake mchana dirisha likiwa wazi, na treni ikipita mbali springi zinatetemeka kidogo kama mtu anayeimba amefumba mdomo, naye anatabasamu usingizini, akiamka ananisimulia kwamba alikuwa mtoto, mahindi yamekomaa, baba yake anarudi kazini taratibu kando ya reli. Mimi nilikionea aibu tu kwa uchakavu wake. Springi tatu zilikatika, mguu mmoja ukalegea, Mzee Donati, fundi wa kuchomelea, akaja akakipapasa akaniambia, "Hii ni kazi ya nusu saa, Baba Imani, kitatuzika sote," lakini Marselina alipokwenda Mamboya kumuuguza dada yake nikakiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nikaweka kipya cha mbao. Aliporudi alisimama mlangoni akauliza, "Kitanda cha baba kiko wapi?" nami nikasema kimeibwa. Jioni akasema, "Aliyejua thamani yake ni Donati peke yake." Sasa ni mwezi wa pili Marselina hamwamkii tena yule mzee, majirani waliosikia wameacha kumpelekea sufuria zao za kuziba, na jana nilimkuta kibandani kwake mikono imelala magotini, akanisalimu vizuri kama siku zote, nikakosa pa kutazama. Marselina analala mkekani. Anasema kile kipya hakina ndoto. Nifanye nini?

*

Onesphory, nilipoisoma barua yako mara ya pili nilijikuta nimefumba macho, nazisikia hizo springi. Nakuonea huruma. Lakini usijifiche humo. Kuuza kitanda kulikuwa upumbavu. Kumwacha Mzee Donati abebe wizi usiokuwepo ni ukatili, na uliurudia kila ulipoitikia salamu yake.

Ndiyo maana sikungoja jibu langu litoke gazetini, nikakupigia simu Jumanne nikakwambia, "Mwambie mkeo leo, kisha nendeni wote kwa fundi." Ukasema atakufukuza. Nikajibu, "Pengine. Mwambie." Jana ulinieleza kwamba ulipomwambia alivaa viatu, akakutangulia hadi kibandani, akasema mbele ya wateja, "Shikamoo fundi. Nilikudhania vibaya." Nawe ukasema ukweli wako watu wakisikia. Ulifanya vyema, ingawa ulichelewa.

Sasa unasema kitanda umekiona Mikumi kwa mnunuzi, fremu imepinda, wavu wa springi haupo, na unauliza kama ununue kingine kinachofanana nacho. Usinunue. Kachukue hiyo fremu. Mpe Mzee Donati ainyooshe, mlipe hata akikataa, na wewe mwenyewe uishike anapochomelea. Mahali pa wavu, suka kamba za katani. Mkeo akipenda asuke nawe, asipopenda suka peke yako.

Kisha pita kwa kila jirani aliyemsusa fundi, mwambie kwa mdomo wako kwamba hapakuwa na mwizi. Usiruke nyumba hata moja. Ukirudi, usimuulize Marselina kama amekusamehe. Keti karibu na kitanda, umwache alale.