Kadi Kubwa, Kasha Dogo

Alhamisi, Kibiti. Jua la leo halina huruma, na chumba changu cha kuhariri video za harusi kinanuka plastiki ya moto.

Nimeshindwa. Haya nayaandika kwenye kompyuta ya jirani, maana yangu imezimika tena.

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo na kadi ya picha ya kompyuta yangu, ile inayochora picha kwenye kioo, ndogo kama kiganja, nikabadilishana na kubwa inayofika kiwikoni. Ina feni mbili. Nikadhani feni mbili ni ubaridi mara mbili. Haikuenea ndani ya kasha la kompyuta, nikakata chuma kwa msumeno. Ilipoingia nilishangilia peke yangu, wala sikujiuliza hewa itapita wapi.

Tangu hapo kompyuta inazimika kila nikiipa kazi ya maana. Nami nikapata wa kumlaumu: mke wangu Zuhura, aliyelifumia kasha kitambaa cheupe lisipate vumbi, kama watu wanavyofunika redio. Jumapili nilikivuta mbele ya mawifi zake, nikasema ndicho kinachoniunguzia kazi. Alikikunja, akaingia nacho ndani.

Kitambaa hakipo. Inazimika vilevile.

Leo nimefungua ubavu wa kasha nikatazama vizuri. Kadi imelala katikati kama rafu ya kabati. Joto la chini halipandi. Nyaya nilizozisogeza kuipisha zimeziba feni ya mbele inayoingiza hewa. Na zile feni mbili hazitoi joto nje, zinalizungusha humohumo. Nimeielekezea feni ya mezani. Badala ya dakika kumi, sasa inadumu kumi na tano.

Ningevumilia kama si Bi Mwanahawa wa Salale. Siku bintiye alipoolewa hapa Kibiti, maji yalikupwa, mtumbwi wake ukakwama kwenye mikoko. Alifika watu wameshatawanyika. Kesho anakuja kuchukua CD.

"Mwanangu, nami nione japo kwa macho," aliniambia kwenye simu.

Kanda ya kamera nilishairekodia harusi nyingine juu yake. Ya bintiye imebaki ndani ya hilo tanuri tu.

Saa tisa mashine iligoma kuwaka saa nzima. Ilipozinduka nilijua imenipa nafasi moja, labda ya kutoa kipande cha dakika tatu kwenye CD. Harusi ya siku nzima, dakika tatu zipi? Nilikwenda uani kumwuliza Zuhura, ambaye hajanisemesha tangu Jumapili. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua macho.

"Mpe pale bi harusi anapotazama mlangoni."

Kipande hicho nilikuwa nimepanga kukikata. Msichana ameketi na maua yake, na kila anayeingia anamfanya ainue shingo. Anamtafuta mama yake.

Nimekitoa. CD ninayo mfukoni. Mashine ilizimika mara tu baada ya hapo, na sasa hata taa yake haiwaki.

Zuhura sijamwomba radhi. Nimesimama mlangoni mara mbili, nikarudi.

Na kesho nitamkabidhi mama wa watu dakika tatu za binti anayemsubiri. Atataka kuona kilichofuata. Nitamwambia nini?