Dakika moja ya kukunja vitenge

Jumanne, baada ya kufunga duka

Hasira ninayo bado, ila inayeyuka. Miaka kumi na tisa nimesimama peke yangu dukani hapa ugenini, mtaa wa Chaussée de Wavre, ili mwanangu Neema asome uchumi, leo ananiletea fomu ya shule nisaini: anataka somo la habari na filamu.

"Maman, tazama kwanza kazi yangu ya darasani."

Mwalimu aliwataka wanafunzi waoneshe kwa video mtu akiwa kazini, dakika moja tu. Neema alinirekodi siku tatu nikiuza na kubishana bei.

"Wateja wangu wako wapi?" nikamuuliza nilipoitazama.

"Nimewakata wote."

Amenibakiza mimi tu, jioni, nakunja kitenge, taa za magari zikipita juu ya kitambaa kama maji. Bon, Neema anasema sekunde moja ya video ni picha ishirini na tano. Nikapiga hesabu: picha elfu moja na mia tano, na hakuna hata moja inayonionesha nina haraka. Sikujua kwamba nina uso ule.

Naogopa hatapata kazi. Naogopa kweli.

Nimesaini, kisha nikamwomba airudishe video mwanzo, niitazame tena.