Hakimu Akija, Asipewe Hata Chai

Alhamisi. Mvua imetunyeshea Tororo tangu asubuhi, viatu vyangu vimelowa chapachapa, na sijali hata kidogo. Leo tumeshinda rufaa.

Wenzangu hunitania kwamba mimi ni loya wa karatasi. Ni kweli. Kwenye rufaa hatuiti mashahidi. Jaji husoma yaliyoandikwa mahakama ya chini, nami namwonyesha palipokosewa. Naipenda kazi hii kuliko ninavyothubutu kumwambia mtu.

Mama Nekesa ni mjane wa Dabani. Shemeji yake alidai nusu ya shamba lake, na mahakama ya Busia ikamkubalia, bila hakimu kukanyaga pale kuuona mpaka. Kosa hilo ndilo nililoling'ang'ania. Jaji amefuta hukumu. Kesi inaanza upya kwa hakimu mwingine, na safari hii lazima afike shambani.

Shamba lenyewe bado halijarudi. Tumepata nafasi tu.

Tulipotoka nje nikamweleza Mama polepole. Nilitarajia vigelegele. Yeye akashika kidevu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Dabani:

"Hakimu nakuja kwangu? Sasa kuku nachinja ngapi?"

Nikacheka peke yangu. Kwao mgeni haondoki bila kuonja kuku, na hakimu ni mgeni mkubwa. Ikabidi nimwambie: hata chai asimpe. Shemeji akimwona hakimu anatafuna kwa Mama Nekesa atasema amehongwa, na nani atamlaumu? Shamba litatuponyoka kwa sababu ya paja la kuku.

Machozi yakamlengalenga, huyu mama ambaye hakulia hata siku aliposhindwa kule Busia.

"Mtu nafika kwangu, naenda na njaa? Majirani nasema nini? Loya, hiyo naniumiza kuliko kesi."

Nilimpenda sana pale, amesimama na gomesi, gauni lake la kanisani, limerukiwa na matope, anawaza njaa ya mtu ambaye hata hajamwona.

Nikamwambia basi apike, ila chakula kitoke jikoni hakimu akishakwenda zake. Nitabaki mimi. Loya wake akila kwake si kosa.

Akanitazama sana.

"Na kama shamba napotea?"

"Nitakula vilevile, Mama."

Hapo akacheka, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka stendi.

Sasa niko nyumbani nakausha viatu, na furaha ya asubuhi imeingiwa na woga. Mahakama ya chini si uwanja wangu. Huko mashahidi husimama wakasahau, wakababaika. Jana Mama Nekesa alikuwa mrufani wangu. Leo ni mtu ambaye nitakula kwake hata nikimpotezea shamba.

Kesho naanza kujifunza kuuliza mashahidi maswali.