Siku ya Tatu ya Gari la Kliniki

Jumamosi, jioni.

Baridi ya mwezi wa saba imekaza tangu alfajiri, lakini jua la Johannesburg halina hiyana, linawaka hata kama vidole vimekufa ganzi. Nimerudi kutoka kitongoji cha Alexandra mchana, nimevua viatu, na sasa nimekaa jikoni karibu na hita. Nimechoka uchovu ule mzuri wa mtu aliyefua nguo zote na kuzianika.

Kwa mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mbunge. Si wa lile bunge kubwa la Cape Town, ni wa bunge la jimbo letu la Gauteng, na muda wangu mwingi unaliwa na kamati ya afya. Baba alikuwa mtu wa hapa, mkimbizi wa siasa aliyepata hifadhi Tanzania. Mama ni wa Morogoro. Nilizaliwa huko na kuletwa huku nikiwa bado shule ya msingi, baba aliporuhusiwa kurudi kwao. Kiswahili kimebaki cha nyumbani na cha blogu hii, ambayo sijawahi kuiwekea jina langu. Nje ya mlango wetu sikisemi.

Hilo la mwisho si la kujivunia. Huu ni mji ambao watu wamewahi kufukuzwa nyumbani kwao kwa sababu ya lafudhi, na nilijifunza mapema kwamba mwanasiasa mwenye dalili za ugeni hapandishwi kwenye orodha ya chama. Basi nikanyamaza. Miaka yote hii nimenyamaza, na nimepandishwa.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kwenda kuwapa wananchi taarifa ya bajeti. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Gari la kliniki linaloegeshwa nyuma ya ukumbi siku tatu kwa wiki, sasa litakuja siku mbili.

Na aliyekubali ni mimi.

Mvutano umetukalia kooni tangu mwezi wa tano. Idara ilitaka magari yote yaondolewe na wagonjwa waende kliniki kubwa. Wengine kwenye kamati tulikataa, tukisema bibi mwenye miguu inayovimba hawezi kupanga foleni kuanzia alfajiri kwa ajili ya vidonge vya presha. Tulibishana mpaka sauti zikakauka. Wiki iliyopita upande wa pili wakaja na pendekezo: siku mbili, ila muuguzi na dawa viandikwe kabisa ndani ya bajeti, asiwepo wa kuvigusa mwaka mzima. Nilihesabu vichwa vyetu mara mbili. Kwa siku tatu hatukuwa na kura za kutosha. Nikakubali kwa simu, nimesimama hapa hapa jikoni, mama akimenya viazi.

Kukubali sijutii. Ninachokijutia ni hotuba niliyoiandika baada ya hapo. Ilisema idara imeamua. Ilisema hali ya fedha imelazimisha. Mimi nilitoweka humo kabisa, utadhani siku ya uamuzi nilikuwa nimelazwa.

Ukumbi ulijaa. Mabibi walikaa mbele na mablanketi mapajani, wanaume wamesimama nyuma karibu na mlango unaopitisha jua. Mwenyekiti wa eneo, Mzee Khumalo, alikuwa dereva wa basi kabla ya kustaafu, na kikao anakiendesha vilevile: hasimami pasipo na kituo. Ukaimbwa wimbo, ikasomwa sala, nikaitwa.

Nikasoma hotuba yangu kwa Kizulu kizuri. Niliuma na kupuliza. Watu walinung'unika, lakini waliinung'unikia idara, na idara haikuwepo pale. Nikaanza kupumua. Nilijiona mjanja, nakiri.

Ndipo mama yangu akasimama.

Nilimwona tangu mwanzo, safu ya tatu, mtandio wa kijani. Nilidhani amekuja kukaa na wenzake, maana naye ni mgonjwa wa gari hilo. Nimemkatia bima ya hospitali nzuri, haitaki. Anasema daktari wa bima anaitazama kompyuta, sista wa kwenye gari anamtazama yeye. Kizulu anakisikia chote baada ya miaka zaidi ya thelathini, ila kukizungumza anaogopa kuchekwa. Kwa hiyo aliuliza kwa Kiswahili, polepole, mbele ya ukumbi mzima:

"Naomba kumuuliza mheshimiwa. Tumesikia idara imeamua. Je, huko kwenye kamati, kwa upande wetu sisi wagonjwa, nani alisema ndiyo?"

Mheshimiwa. Mtu aliyenibeba mgongoni ananiita mheshimiwa.

Mzee Khumalo akauliza kama kuna anayeielewa lugha ya gogo huyu, yaani bibi huyu. Ningeweza kukaa kimya, na mwili wangu ulitaka hivyo. Nikainua mkono nikasema ni mama yangu, anatoka Tanzania. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nilisubiri neno lile la dharau linalotumiwa kwa wageni litupwe kutoka nyuma. Jamaa mmoja mlangoni alisema tu, "Eish, kumbe," akaendelea kula karanga zake. Hofu ya miaka yote hiyo, na haikutimiza hata dakika moja.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo ningekuwa jasiri. Sikuwa.

Mwenyekiti aliniomba nitafsiri swali. Nikawaambia ukumbi: mama anauliza gari litakuwa linafika saa ngapi.

Naliandika hili jinsi lilivyo, ili kesho kutwa nisije nikalitia sukari. Nilimsingizia mama yangu mbele ya watu, kwa kutumia lugha aliyonifundisha mwenyewe. Na yeye alisikia kila neno la Kizulu changu. Alibaki amesimama, mkoba mkononi, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipodai nimeshapiga mswaki.

Nyuma yake alikaa mama mmoja Mrundi, fundi cherehani, anaitwa Mama Espérance. Sikumjua kabla ya leo. Akasema kwa sauti ya chini, bila hata kuinuka:

"Mama, si ile swali bibi ameuliza. Miye nasikia Kiswahili."

Nimelifikiria jambo hili njia nzima. Yule mama Kizulu anakimudu, baadaye nilimsikia akikizungumza bila kukwama. Angeweza kuniumbua kwa lugha ya ukumbi mzima. Badala yake alichagua lugha tuliyoielewa watu watatu, akaniachia nijitoe mwenyewe.

Nikawaambia watu kwamba nimetafsiri vibaya, tena kwa makusudi. Nikalirudia swali la mama neno kwa neno. Kisha nikalijibu: aliyesema ndiyo ni mimi, kwa simu, na sababu zangu ni hizi na hizi.

Kisha bibi mmoja wa mbele, Gogo Nomsa, akauliza kuna mabango yenye picha yangu na kuna huyu aliyesimama hapa, yeye amwamini yupi. Wengine wakadakia, kwa dakika kadhaa nikasemwa vya kutosha. Nilikuwa nimestahili karibu yote. Lakini nilisimama pale nikiwa na wepesi fulani ambao sijausikia muda mrefu, sikuwa na uongo wa kukumbuka wala cha kuficha.

Mzee Khumalo akaniuliza: ungekataa, tungepata siku ngapi? Nikasema naamini tusingepata hata moja. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi tuongee kuhusu hizo mbili, za nani na lini.

Na hapo kikao kikawa kikao. Idara ilikuwa imeandika Jumatatu na Jumatano. Kina mama wakaguna. Wengi wao wana vibarua vya usafi kule Sandton kwa matajiri siku hizo, na wasipokwenda nafasi inachukuliwa na mwingine. Katika miezi yote ya kubishana hatukuwahi kuwauliza, wala idara wala sisi tuliojiita watetezi wao. Wakapendekeza Jumanne na Ijumaa. Ikapigwa kura ya mikono, ikapita kwa mikono mingi, mkono wa mama yangu ukiwemo. Nikatoka varandani kumpigia ofisa wa idara. Alilalamika kwamba ni Jumamosi, kisha akakubali kwamba kubadilisha siku hakuongezi gharama yoyote, na Jumatatu ataandika barua. "Sharp," akasema, yaani sawa, akakata.

Niliporudi na habari hiyo walipiga makofi. Si makofi ya kampeni, machache tu, lakini nayahifadhi.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta Mama Espérance nimshukuru. Hakutaka shukrani. "Miye nashonaga uniforme hapo karibu na robot," akasema, akionyesha taa za barabarani. "Siku moja upite tu, tusalimiane." Tukazungumza Kiswahili mlangoni, cha kwake cha Bujumbura na changu cha Morogoro, watu wakitupita, na hakuna aliyejali. Nitapita wiki hii. Nina sketi inayodai zipu.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa gari langu. Tulipokaribia, mama akasema akitazama dirishani: "Mara ya pili umetafsiri vizuri." Nikacheka mpaka nikalazimika kuegesha pembeni. Na yeye akacheka, akifunika mdomo kwa mtandio. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulicheka hivyo tangu baba atutoke.

Nina furaha leo, niseme ukweli. Gari lipo, dawa zipo, siku ni zile walizozichagua wenyewe, na ninaweza kusema jina la mama yangu popote ninapotaka.

Ila kuna jambo limenikuta jioni hii, nalo ndilo lililonifanya nifungue kompyuta badala ya kulala.

Nilipoingia jikoni kuweka chai nilimkuta amesimama mbele ya kalenda na kalamu, anakata Jumatano moja moja mpaka mwisho wa mwaka. Kumbe siku yake ya gari ilikuwa Jumatano. Sikujua. Jumatano mimi niko kwenye kamati, natetea wagonjwa. Nikamwambia si neno, mama, sasa utakwenda Jumanne. Akanikumbusha kwamba Jumanne hukutana na wanawake wenzake wa Kitanzania kule Fordsburg, siku pekee ya wiki anayozungumza nje ya nyumba bila kuogopa kuchekwa. Basi Ijumaa. Ijumaa ni ya msikiti, akasema, na foleni ya gari haiishi kabla ya adhuhuri.

Nikamuuliza kwa nini basi aliinua mkono. Akasema wale wenye vibarua ni wengi, yeye ni mmoja; Jumanne atapanga foleni ya gari, Fordsburg atakwenda akijaliwa. Akafunika kalamu, akaniuliza kama chai ninaitaka na tangawizi.

Ndani ya wiki mbili, katika nyumba hii, watu wawili tumekubali kupoteza siku ya gari. Mimi nilikubali kwa simu, na iliyopotea haikuwa yangu. Yeye alipoteza ya kwake, mkono juu, mbele ya watu wote, na hakuna aliyehitaji kuuliza nani alisema ndiyo.