Nimekwenda Kupimwa, Jiko Nimezima

Baba watoto, na wewe kitindamimba wangu,

Jiko nimezima. Hata hivyo, liangalieni. Maharage yapo kwenye sufuria ndogo, chumvi bado. Au nimeshatia, onjeni kwanza.

~~Nimekwenda kununua nyuzi.~~ Hapana, nyuzi zimejaa tele. Nimekwenda kwa mwanasaikolojia, anipime. Ndiyo, mtu mzima na mvi zangu. Chekeni, mkimaliza mwanue nguo kabla ya mvua.

Asubuhi nilikuwa nashona shati la shule. Jua likapenya dirishani, vumbi la kitambaa likawa linaelea ndani yake polepole, kama linapumua, nami nikaelea nalo. Niliporudi, mkono wa shati nilikuwa nimeuziba kabisa! Mtoto kuvaa, ngumi ikakwama. Mkacheka, nami nikacheka. Halafu wewe, Baba watoto, ukauliza, "Akili zako ziko wapi?"

Niliumia. Mama yangu aliuliza hivyo hivyo, na walimu, na wateja, na hakuna aliyengoja jibu. Juzi nilipopiga simu kuomba miadi, huyo mtaalamu naye aliuliza, "Ukipotea hivyo, huwa unaona nini?" Kisha akangoja jibu. Machozi yakanitangulia.

Leo nakwenda kumjibu.

Shati nimelifumua, lipo kitini. Nikichelewa msihangaike, labda nimesimama mahali natazama kitu. Mkinikuta, msiniite. Simameni nami kidogo, mtazame.

Mama