Nani Amfuate Mwenzake na Shuka?

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaondoka kwenye nyumba hii na beseni langu kichwani. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunafua mashuka ya nyumba ya wageni, arobaini kwa siku, tunayaanika juu ya paa na jioni tunayakunja, yeye kashika ncha mbili na mimi mbili, na unajua shuka kubwa halikunjiki mpaka mmoja atembee amfikie mwenzake, basi mshauri, mwezi wa tatu huu anayetembea ni mimi tu, yeye kasimama pale kama nguzo ya umeme, kajifunga kitambaa gotini utadhani mchezaji mpira, ananingoja nimpelekee. Jumatatu nikasema leo sitembei. Nikasimama, naye akasimama, tukatazamana mpaka giza likaanza kuingia. Akaniuliza, “Wifi, miguu imeisha?” Nikamjibu, “Yako itaanza lini?” Tangu hapo hatusemeshani, asubuhi anapandisha ndoo za maji ghorofa tatu peke yake bila hata kunisalimia, mashuka yamejaa kitandani kwangu, mume wangu analala kwenye kiti, na mwenye nyumba ya wageni kasema yasipofika Ijumaa yakiwa yamekunjwa kazi anampa mtu mwingine, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha sote. Kosa langu ni nini?

Mwenye Hatua Nyingi

Mwenye Hatua Nyingi, pole. Hapo kwa mume na kiti nimecheka, unisamehe. Kwingine umeniudhi.

Hatua zako za juu ya paa umezihesabu zote. Ngazi za wifi yako umezipitia mbio mbio, tena unalalamika hakukusalimia. Dada, maji ya mashuka arobaini yanapanda ghorofa tatu kwa miguu ya nani? Halafu hicho kitambaa unakifanyia mzaha. Mtu mzima hajifungi goti kwa urembo. Umewahi kumuuliza linamuuma tangu lini? Ni kweli, naye ana kiburi, angeweza kusema. Lakini aliyeniandikia ni wewe, kwa hiyo nakusema wewe.

Kesho umtangulie wifi yako bombani. Jaza ndoo, pandisha, shuka, pandisha nyingine. Ukifika ya tano utaelewa kwa nini jioni mwenzako anasimama. Kisha mwite juu ya paa, shika ncha zako mbili, utembee. Ukimfikia usimtupie shuka ukageuka. Mpe pole ya goti, mwambie na ndoo mtagawana. Halafu kunjeni mpaka kitanda kionekane, maana Ijumaa haiwasubiri.

Na huyo mume anayelala kwenye kiti, barua nzima umemtaja kwa kumwonea huruma tu. Magoti yake yote mawili ni mazima? Basi mpaka la dada yake lipone, ndoo ni zake.